Mbili ya Pau Ndani ya Kopo la Vifungo

Habari ya kwamba wifi yake anaziona karata za wenzake kupitia migongo yake, Mama Pacha aliipatia kwenye ngazi, ndoo ya nguo mkono mmoja, mtoto kiunoni, mtoto mwingine kamshika sketi. Aliyemletea ni jirani wa mlango wa pili, mwuza mapazia, mwanamke ambaye neno halimkai tumboni hata lipakwe gundi.

"Shoga, mimi sisemi kitu," jirani alianza, na hapo Mama Pacha akajua atasema kila kitu. "Ila mume wangu karudi kutoka klabu ya karata kanuna, chai hataki. Namuuliza kulikoni, ananiambia yule wifi yako, Dada Kola, si mtu wa kawaida. Mume wangu amebakiwa na karata tatu, kazibana kifuani hivi, na wifi yako akamtajia moja moja: ree ya uru, bibi wa shupaza na tisa ya shupaza. Tisa, shoga! Hata tisa kaijua!"

"Labda alikisia."

"Mara tatu? Halafu anasema alimbana. Hakumgusa hata kidole, lakini alimbana mpaka mwenyewe akatupa karata nzuri kwa mkono wake. Kama hiyo si dawa, ni nini?" Jirani akasogea, akashusha sauti. "Na mimi simsikitikii mume wangu, huyo atanuna, kisha yatamwisha. Nakusikitikia wewe. Kila Jumamosi mumeo anakaa mbele ya dada yake, meza katikati, wanatazamana saa nne nzima. Wewe mara ya mwisho ulitazamwa lini? Na sasa nasikia wanataka na Jumapili."

Mama Pacha alicheka kile kicheko cha kumwondoa mtu mlangoni, akaingia ndani. Lakini neno Jumapili lilikuwa limeshamwingia kama sindano chini ya ukucha.

Mume wake alikuwa fundi wa friji, na mtaa mzima ulimwita Kimya. Aliweza kula, kusifu chakula kwa kichwa, kuosha sahani yake, kumpandisha pacha mmoja bega la kulia na mwingine la kushoto, akaenda kulala, na ukihesabu maneno yake hayafiki kumi. Hakuwa mkali wala mlevi. Alikuwa kama friji aliyoitengeneza mwenyewe: inafanya kazi yake na haipigi kelele. Kwa miaka mitano ya ndoa Mama Pacha alikuwa akiyavuta maneno ya mume wake moja moja, taratibu, kama mtu anayefumua mshono bila kutaka kuchana kitambaa.

Jumapili ndiyo ilikuwa na nafuu. Siku hiyo hakuitwa kazini. Alikaa sakafuni, akajifanya friji mbovu, akatetemeka na kunguruma, na pacha wakaifungua mikono yake kama mlango kutafuta maziwa. Wakiingia wote wawili, friji ilicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, kinaanzia tumboni, kinamtoa machozi. Mama Pacha alikuwa akiacha sindano na kusikiliza. Alijiambia kwamba mtu akipata kicheko hicho mara moja kwa wiki, mengine yanavumilika.

Kilichokuwa hakivumiliki ni Alhamisi.

Alhamisi jioni, wakitoka kazini, dada mtu alikuja na karata zake kwa mazoezi ya Jumamosi, na mdomo ule ule wa Kimya uliokuwa umefungwa wiki nzima ulifunguka.

"Kopa moja," anasema Kimya.

"Shupaza moja."

"Kopa mbili."

"Kopa nne. Umenificha nini, wewe?"

"Sijakuficha, dada. Nina pau nne pia."

"Nilijua tangu ulipovuta pumzi."

Mama Pacha alikaa pembeni na rundo la mashati ya shule, akishona vifungo, saba kwa kila shati, akijihisi kama mgeni kwenye kikao cha watu wenye lugha yao. Anavuta pumzi! Yeye alilala kando ya pumzi hizo kila siku na hakuwahi kusikia zikisema pau nne.

Mchezo wenyewe waliuita briji. Watu ni wanne, wawili wawili, na wenza hukaa kutazamana. Kwanza hutaja ahadi, yaani raundi ngapi watakula na rangi ipi iwe turufu. Walioshika ahadi, mmoja anakuwa mchezaji, na mwenzake analaza karata zake zote mezani wazi, ananyamaza. Mchezaji anatoa karata za mkononi mwake na zile za mezani pia, peke yake. Kazi ya kujilaza mezani na kunyamaza mara nyingi iliangukia kwa Kimya, na aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote klabuni. Mchezaji alikuwa dada.

Dada huyo alikuwa mpiga pasi kwa dobi tangu ana miaka kumi na sita. Watu walimwita Dada Kola kwa sababu alikutazama kola kabla ya uso, na kama kola imelegea, salamu yako pia aliipokea kilegevu. Viganja vyake vilikuwa vigumu kama soli. Briji hakufundishwa na mtu. Pale kwa dobi mashati yaliyopigwa pasi yalifungwa kwa magazeti ya zamani, na katika kurasa za chemshabongo kulikuwa na mchoro wa karata za pande nne, na swali chini yake: ahadi ni raundi kumi, utazipataje? Jibu, gazeti lilisema, wiki ijayo. Lakini gazeti la wiki ijayo lilikuwa limeshaondoka na suruali za mtu. Kwa hiyo msichana yule alikata mchoro, akaubandika ukutani juu ya meza ya pasi, akaufikiria huku mvuke unampanda usoni, siku mbili, siku tano, mpaka jibu akalipata mwenyewe. Mpaka leo vipande hivyo vilikuwa ndani ya boksi la shati, vimegeuka rangi ya chai. Alicheza peke yake miaka mitatu kabla ya kupata mtu wa kukaa mbele yake.

Mambo hayo Mama Pacha aliyajua. Hayakumpunguzia kitu. Alipoambiwa wifi yake ana akili, alijibu "kweli" na roho ikamuuma. Aliona namna mwanamke yule alivyoingia ndani, kabla hajaketi, akanyoosha mkono na kuigusa kola ya mdogo wake.

"Nani kapiga pasi hii?"

"Mimi, wifi."

"Si mbaya."

Hilo "si mbaya" Mama Pacha alikwenda nalo jikoni, akalirudia mbele ya sufuria, akalirudia akipanga vijiko. Si mbaya! Kama mtu kaombwa alama.

Basi siku ile ya maneno ya ngazini, mume aliporudi, alimuuliza wazi. "Eti dada anataka na Jumapili?"

Kimya alivua viatu, akaviweka sawa. "Anataka."

"Kuanzia lini?"

"Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao."

"Na wewe unasemaje?"

Aliinua mabega. Akamtazama mke wake, akatazama watoto, akafungua mdomo, akaufunga. Mama Pacha aliyaona macho yake yanakwenda huku na kule, yanatafuta pa kukaa. Akayasoma hivi: ameshamkubalia.

Karata za mazoezi, wifi alikuwa ameziacha juu ya kabati Alhamisi iliyopita. Kesho yake, mume kazini na watoto wamelala, alizishusha. Wivu ulikuwa umempanda mpaka masikioni. Alifikiria kuzitupa zote, akaona ni ugomvi wa wazi. Alifikiria kuchukua ree, lakini ree ni kubwa, itatafutwa mara moja. Akazipanga juu ya mkeka, akazitazama, akachagua iliyo ndogo kuliko zote katika rangi iliyo ndogo kuliko zote: mbili ya pau. Nani ataililia mbili ya pau? Karata zitakuwa hazitimii, mazoezi hayatakwenda, watalaumiana, wifi atazikusanya akasirike, na Jumapili itabaki mahali pake. Aliiingiza ndani ya kopo la vifungo, akatikisa mpaka vifungo vikaifunika. Kopo akalirudisha mahali pake kando ya mashati.

Alhamisi ikafika. Wifi akatoa kipande cha gazeti, akaanza kupanga karata za pande nne kama mchoro unavyosema. Alipanga haraka, kama anakunja mikono ya mashati. Kisha mkono ukasimama hewani.

Mama Pacha alijichoma kidole kwa sindano.

Wifi hakuuliza. Alipitisha macho mezani mara moja, hata midomo haikucheza. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kijikaratasi cha namba, kile ambacho dobi anakibana kwenye nguo ya mteja, akakilaza kwenye safu, mahali ambapo karata ilikosekana.

Kimya akakitazama. "Dada, hiyo..."

"Cheza, mdogo wangu."

Wakacheza. Wiki ile, na iliyofuata, na ile nyingine, mchoro ule ule, na kijikaratasi kile kile kimekaa katikati ya karata kama mtu aliyevaa sare ya shule nyingine. Mama Pacha hakuweza kuondoa macho. Alitaka kujua dhambi yake ina ukubwa gani, na kwa kutaka kujua hivyo, akajikuta anaelewa.

Mezani kulikuwa na kopa nne nzuri, kubwa, hakuna wa kuzipiga. Tatizo ni kwamba zilikuwa upande wa mezani, na zamu ya kuanza raundi ilikuwa ya mkononi mwa mchezaji, na mkononi hakuwa na kopa hata moja. Alikuwa kama mtu aliyeacha chakula ndani akafungiwa nje. Njia ilikuwa ya pau tu. Mkononi ree, mfalme, bibi na mbili. Mezani saba, sita, tano na tatu. Alivyocheza wifi, alitoa ree, na mezani akaangusha tatu. Akatoa mfalme, mezani tano. Akatoa bibi, mezani sita. Wapinzani walikuwa na pau tano tu kati yao, zikawaishia. Hapo ndipo kijikaratasi kilipotolewa, kidogo kuliko kila kitu, na saba ya mezani ikakila, na kwa kuwa upande uliokula raundi ndio unaoanza inayofuata, kwa saba hiyo mchezaji akawa ameingia ndani. Kopa nne zikafuata kwa mstari.

Bila ile mbili, wakubwa wote wanapita na mlango unabaki umefungwa. Mama Pacha alitazama kopo la vifungo, akalisogeza nyuma ya mashati.

Ilibaki siku tatu tu kabla ya Jumapili ile ya kwanza ya mwezi, nayo ilikuwa Alhamisi, wakati mwenye bucha alipopiga simu kwamba friji yake imezima na nyama imo ndani. Kimya akachukua begi la spana akakimbia. Wifi alipofika, akawakuta pacha na mama yao tu.

"Hayupo, wifi. Kaitwa bucha."

"Nimepishana naye." Wifi akaingia hata hivyo, akaketi, akaweka boksi la shati mezani. Pacha mmoja akapanda mapajani kwake bila kualikwa. Wifi akapanga mchoro ule ule, kwa mkono mmoja, kijikaratasi mahali pake. "Kaa."

"Mimi sijui, wifi."

"Miezi mingapi umekaa hapo pembeni? Sindano inaingia, macho hayapo kwenye kifungo. Shati la juu hapo umelishonea vifungo nane."

Mama Pacha akalitazama shati. Vilikuwa nane. Akakaa.

"Ahadi ni raundi zote zilizobaki," wifi akasema. "Cheza."

Alitoa ree ya pau, mezani tatu. Wifi akatupa karata za wapinzani, huku na huku. Akatoa mfalme, mezani tano. Bibi, mezani sita. Katika pau za mkononi mwake kikabaki kijikaratasi cha dobi tu. Kilikuwa na namba ya mtu asiyemjua, na kimekunjika pembe. Alikishika, akakirudisha. Akakishika tena.

"Toa," wifi akasema. "Kinangoja saba."

Mama Pacha alisimama. Alikwenda kwenye kopo, akalimimina juu ya mashati, vifungo vikabingirika mpaka chini ya kiti, na pacha aliyekuwa sakafuni akashangilia. Akaichukua mbili ya pau, akaipangusa kwenye gauni, akaja kuiweka mezani juu ya kijikaratasi.

"Niliichukua mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Kila rangi ina kumi na tatu, wifi. Nikihesabu pau nikapata kumi na mbili, najua kuna mtu kaikalia moja. Na mume wa huyu jirani yako asiseme mimi ni mchawi. Ninahesabu tu kilichopita, kilichobaki kinajitaja."

"Sasa mbona hukusema?"

"Kuna raundi ukiikimbilia kuila, unajifungia mwenyewe. Unaiacha ipite, unatazama." Akamfuta pacha kamasi kwa leso yake. "Ila nilitaka kukuuliza. Kwa nini mbili? Mwizi wa kawaida angechukua ree."

"Nilidhani ndogo haitatafutwa."

Wifi alicheka kwa pua, akatikisa kichwa. "Na kwa nini uchukue?"

Mama Pacha aliinama, akaokota kifungo. Alitaka kusema neno la heshima, likatoka lililokuwepo. "Kwa sababu anaongea na wewe. Mimi hanisemeshi. Nimebakiwa na Jumapili, na Jumapili mnaichukua."

Wifi alizichukua karata chache zilizokwisha kutumika, akazigonga mezani zikakaa sawa, akazigonga tena.

"Mama yetu alipofariki, mdogo wangu alikuwa na miaka tisa," akasema. "Mwaka mzima hakutoa neno. Nilimpeleka hospitali, wakanirudishia. Shuleni wakamwondoa. Nikawa naenda naye kwa dobi, namketisha mwisho wa meza ya pasi. Sikujua nimsemeshe nini, nikampangia karata. Nikamwonyesha maana ya kila ahadi, nikiongea peke yangu kama kichaa. Kila siku namwambia, uru moja, kisha nangoja. Namngoja mpaka pasi inapoa. Siku moja namwambia uru moja, akasema, kopa moja." Akamweka pacha sawa mapajani. "Nilikwenda kujificha nyuma ya mashuka yaliyoanikwa. Niliporudi nikamwambia, kopa mbili, maana mchezo lazima uendelee. Kwa hiyo unayoyasikia Alhamisi si maongezi, wifi. Ni kile kinjia kimoja nilichokipata. Sijapata kingine mpaka leo."

Mama Pacha alijikuta amekaa tena bila kujua amekaa saa ngapi.

"Sasa nikwambie na ya kwangu," wifi akaendelea, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hakutazama kola ya mtu, alitazama meza. "Mwezi uliopita nilikuja Jumapili. Niliwaletea watoto mashuka madogo. Nimefika hapo ngazini, nasikia mwanamume anacheka ndani. Nikajiambia, huyu mke wa mdogo wangu kamkaribisha nani? Nimekasirika, nimeinua mkono nigonge. Halafu nasikia pacha wanaita, baba, baba." Akaigeuza mbili ya pau, akairudisha. "Miaka thelathini, wifi. Nimemlea, nimemfulia, najua akivuta pumzi ana karata gani. Sijawahi kumsikia akicheka namna ile. Nikashuka na mashuka yangu. Njia nzima najiuliza, amempa nini, huyu mshona vifungo? Ndiyo nikaitaka Jumapili. Na mdogo wangu nilipomwambia, akawa kama yule mume wa jirani yako mwenye karata tatu. Nimewabana watu miaka mingi, naijua sura ya mtu anayelazimishwa kutupa moja kati ya mbili anazozitaka. Nikaiona, na bado sikumwachia. Wewe uliiba karata moja ndogo. Mimi nilitaka kuiba siku nzima."

Chini ya kiti pacha wa sakafuni alikuwa ameshakusanya vifungo vitatu na kuvipanga kwa mstari. Ule wivu ambao Mama Pacha alikuwa ameulea kwa miezi ulikuwa bado upo, lakini sasa ulikuwa umekaa upande wa pili wa meza vilevile, unamtazama, na ulikuwa na viganja vigumu kama soli.

"Maliza mchezo," wifi akasema.

Alicheza mbili ya pau. Saba ya mezani ikaila. Kopa zikafuata, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, na wifi akitupa za wapinzani bila kuzitazama. Raundi zote. Dada Kola akazikusanya karata, sasa hamsini na mbili, akazifunga kwa mpira, akazisukuma upande wa Mama Pacha badala ya kuzirudisha kwenye boksi. Akasimama na mtoto mkononi, akamhamisha bega, akashindwa kuondoka.

"Jumapili ni yako. Sitaigusa, na nitamwambia mwenyewe," akasema. "Ila nina ombi, wifi. Jumapili hii unifungulie mlango. Karata sitakuja nazo. Nitakaa pale pembeni unapokaa wewe, unipe mashati nikushonee vifungo, saba saba, sitainua kichwa wala sitasema neno. Nataka tu kumsikia akicheka. Utanifungulia?"